Chuma Hakijalala

Ulikuwa mwaka ule tuliokula unga wa njano, ulioletwa kwa magunia kutoka nchi za watu, unaonuka gunia hata ukishakuwa ugali. Migomba ya mlimani ilikauka mpaka watu wakachimba vitako vyake wakavichemsha. Loshoro tuliisikia kwa jina tu, maana mahindi hayakuwepo na ng'ombe walikuwa hawana maziwa ya kuyachanganyia. Mwaka huo mume wangu Elisante alipata kazi kwenye karakana iliyokuwa kando ya Mto Themi. Nikamfuata mjini na karai langu, nikawa nakaanga maandazi mlangoni pa karakana, nusu ngano nusu unga huo huo wa njano, na watu walikula kwa sababu njaa haichagui. Hapo ndipo nilipomjua Fundi.

Jina lake silitaji. Waliomjua watamjua. Mafundi walikuwa wengi pale, lakini ukisema Fundi, ni yeye. Alizaliwa wapi, mtoto wa nani, hayo waulizeni ukoo wake. Mimi nilimkuta ameshakuwa mtu mzima na ameshakuwa mbaya.

Alikuwa mfupi, shingo nene, macho madogo ya kuku anayetazama punje. Kidole gumba chake cha kulia alikitunza kama mwari anavyotunza uso. Kila asubuhi alikipaka mafuta ya kondoo. Hakushika jembe kwa mkono ule, hakushika makaa, na ukimpa mkono kumsalimia alikupa kifundo cha mkono, kidole amekikunja ndani kama yai. Kile kidole ndicho alichokuwa akikipitisha ndani ya tundu la chuma, polepole, amefumba macho, na akikitoa anakwambia hapa pana mkwaruzo, hapa pameliwa, hapa pamechongwa na mjinga. Wajinga ndio tulikuwa sisi wengine wote.

Kazi yenyewe niieleze, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa alichotufanyia.

Katapila za walowezi zilikuja pale zimechoka. Zilitoka mashamba ya mkonge ya Nduruma, nyingine zilitoka kung'oa magogo huko Momela. Katapila ina mikono miwili minene inayoshika lile bapa la kusukuma udongo, na mwishoni mwa kila mkono kuna tundu la kupita pini. Ndani ya tundu huwekwa bushi, ambayo ni pete nene ya chuma kigumu, ili pini ikizunguka isugue ile bushi na si ule mkono wenyewe. Sasa bushi haifungwi kwa parafujo wala haigandishwi kwa moto. Inakaa kwa kubanwa tu. Tundu linachongwa liwe dogo kuliko bushi, dogo kidogo sana, hata unywele ni mnene kuliko tofauti hiyo. Likiwa kubwa, bushi inazunguka hovyo na kula mkono. Likiwa dogo kupita kiasi, bushi inakwama katikati, ukilazimisha kitu kinapasuka. Ndiyo maana kupima lile tundu ndiyo ilikuwa kazi, na kupiga nyundo kulikuwa kwa mtu yeyote mwenye mabega.

Fundi alikuwa na sheria yake, na sheria ile ilikuwa nzuri, lazima niseme ukweli hata kama aliyeitunga ananichefua. Chuma kikichongwa kinapata joto, na chuma chenye joto kinavimba, tundu lake linapanuka. Ukilipima hapo, linakudanganya. Basi Fundi alikataa kupima siku ile ile. Mkono uliochongwa ulilazwa juu ya benchi usiku kucha, na bushi, ambayo ilikuwa bado haijapunguzwa, inalazwa kando yake, vyote viwili chini ya gunia moja. Asubuhi, kabla jua halijafika uani, ndipo anapitisha kalipa, ile koleo ya miguu miwili ya kupimia ndani, kisha kidole. Baada ya hapo ndiyo anaipunguza bushi mpaka itoshe.

"Vilale kitanda kimoja," alikuwa akisema. "Vikiamka vyote vina baridi, ndipo utajua nani mkubwa ndani ya nyumba."

Wafanyakazi walicheka. Mmoja wao, kila akipita jioni karibu na gunia, alikuwa anabisha hodi kwanza. Fundi mwenyewe alicheka, na alipocheka ulimwona kama mtu.

Mimi aliniingiza kwenye kazi ile kwa sababu ya karai. Siku ya kuingiza bushi, mkono wa katapila unazungushiwa makaa pale penye tundu ili upanuke, na bushi inalazwa kwenye mfereji, ule wa maji ya Meru yanayokung'ata vidole hata mchana, ili isinyae. Moto ukizidi, chuma kinakuwa chekundu na nguvu yake inakwisha. Ukipungua, hakipanuki. Vijana waliupeleka huku na huko mpaka Fundi akanigeukia.

"Wewe mpika maandazi, mafuta yako huyajuaje kama yameiva?"

"Kwa macho, na kwa pua."

"Basi njoo unipikie chuma."

Nikapaka kipande cha mafuta ya kondoo juu ya chuma, nikapuliza makaa, nikangoja. Mafuta yalipoanza kutoa moshi mwembamba wa bluu nikasema tayari. Bushi ikatolewa mferejini, ikafutwa, ikadondoka ndani ya tundu kama mtu anayeingia kwake. Tangu siku hiyo moto wa pale ulikuwa wangu. Nilijivuna, na ninajivuna mpaka leo. Fundi hakunisifu. Alisema tu, "Angalau mwanamke mmoja Arusha hii anajua kuwasha jiko."

Marahaba yake ilikuwa ngumu kuipata. Kijana akija asubuhi, "Shikamoo Fundi," yeye hajibu. Anachukua kazi ya jana ya kijana yule, anaigeuza, anaipitisha kidole. Ikiwa nzuri, ndipo anasema "marahaba", saa mbili baada ya kusalimiwa, na kijana ameshasahau. Ikiwa mbaya, hasemi kitu, na siku nzima unakuwa mtu ambaye hajasalimia mkubwa wake. Maneno yake mengine yalikuwa haya: "Niletee tundu, usiniletee hadithi." Na kwa Elisante, ambaye alikuwa mrefu na mpole, alikuwa akisema, "Wewe mama yako alikuvuta wakati anakuzaa, akasahau kukuwekea kitu juu."

Elisante alikuwa akijibu, "Ni kweli, Fundi. Alitaka nione mbali."

Kumbukeni jibu hilo.

Kisha kulikuwa na mkufu. Mtu akiharibu bushi, Fundi alikuwa anaichukua ile bushi iliyoharibika, anaipitisha waya, anamvisha shingoni. Utaivaa kazini, utaivaa njiani, utaivaa sokoni, na utaivua pale tu mwenzako atakapoharibu nyingine. Bushi ya katapila ni nzito. Kulikuwa na mwanamume mmoja wa huko magharibi ya mlima, mtu wa ng'ombe, aliyekaa nayo tangu mvua za vuli mpaka masika kwa sababu wenzake walijihadhari mno. Mke wake alikuja kumtazama siku moja, akamkuta anakula na kile kitu kinagonga sufuria. Alimwambia, "Mume wangu, sasa wewe ni wa nani, mimi au kengele hii?" Watu walicheka mpaka wakalia. Yule mtu hakurudi kazini kesho yake, wala sikusikia habari zake tena. Na mimi nilicheka siku hiyo, msifikiri sikucheka.

Lakini Fundi huyo huyo alikuwa na punda mlemavu. Alimwokota barabarani amevunjika mguu, akamfungia vibao, akamlisha maganda ya ndizi kwa mkono wa kushoto, akampa nafasi chini ya paa la karakana ambapo vijana wenyewe walinyeshewa. Jioni alikuwa anaongea naye kwa Kimeru, taratibu, akimuita mdogo wangu. Na kanisani alikuwa na sauti. Alipoimba besi ulihisi benchi linatetemeka chini yako. Wanawake walifumba macho. Nilikuwa nikijiuliza Mungu alifikiria nini kuiweka sauti ile ndani ya kisima kile.

Sasa siku yenyewe.

Mawingu yalikuwa yameshuka Meru mpaka kwenye miti, mvua inanusika. Mlowezi mmoja wa Nduruma alitaka katapila yake iondoke jioni ile ile, kabla barabara haijawa tope. Bwana, mwenye karakana, alikuwa anafungua ya pili upande wa pili wa mji, na alimwambia Fundi mbele yetu sote: katapila ikitoka leo, msimamizi wa karakana mpya ni wewe.  Fundi alikunja kidole ndani ya kiganja.

Tundu lilimalizwa kuchongwa mchana. Niliuweka mkono wangu juu ya kile chuma. Kilikuwa na joto kama kiazi kilichotoka majivuni sasa hivi. Fundi akachukua kalipa. Niliinua kichwa kutoka kwenye karai.

"Fundi, chuma hakijalala."

"Kaanga maandazi yako."

Elisante akasogea. "Fundi, tungoje asubuhi. Sheria ni yako mwenyewe."

"Mkeo ndiye anakufundisha kuongea siku hizi?"

Akapima. Akaipunguza bushi kwa kipimo cha tundu lile lenye joto, yaani aliiacha nene kuliko inavyotakiwa, na hakuna aliyejua hilo zaidi yake. Upepo wa mlimani ukaja, manyunyu yakaanguka, chuma kikapoa, tundu likajirudi dogo kama lilivyo. Bushi ikabaki nene.

Nilipoitwa, nilizungusha makaa yangu, nikapaka mafuta, nikangoja moshi. Moshi ulitoka, mwembamba, wa bluu. Nikasema tayari. Elisante akaitoa bushi mferejini, akaifuta, akaiweka. Iliingia nusu ikasimama.

Bushi ikisimama hivyo, inakunywa joto la mkono na kuvimba, inabana zaidi kila unavyovuta pumzi. Kila mtu pale alijua kinachofuata ni kuitoa haraka kwa upande wa pili.

"Tuitoe, Fundi," akasema Elisante.

"Piga."

"Ni ngumu hii, itakatika."

"Piga, au nyundo nimpe mkeo."

Elisante akapiga. Mara ya kwanza chuma kililia. Mara ya pili ukingo wa bushi ulikatika, kipande kikaruka, na hapo hapo mkono wa katapila ukapasuka penye tundu kwa mlio wa mfupa wa ng'ombe unaovunjwa. Elisante alikaa chini kama mtu aliyechoka. Alikuwa ameshika uso, damu inapita katikati ya vidole.

Fundi alimruka. Ninasema alimruka, kwa mguu, kama unavyoruka kuni. Akaenda kwenye mkono wa katapila, akapitisha kidole gumba kwenye ule ufa, tangu juu mpaka chini, akiwa amefumba macho. Kisha ndipo akageuka.

Nilikuwa nimeshafunga kichwa cha mume wangu kwa khanga yangu Fundi alipokuja kuchutama karibu nami. Sauti yake ilikuwa laini, ile ya kuongea na punda.

"Bwana anakuja. Sema mafuta hayakutoa moshi, sema mumeo aliharakisha. Ukisema hivyo, atapelekwa hospitali kwa gari, sasa hivi, na kazi yake ataikuta. Ukikataa mtatembea kwa miguu na hamtarudi hapa."

Bwana akafika, na viatu vyake, na saa yake mkononi. Fundi akasimama wima akasema moto wa mwanamke ulikuwa mdogo na mumewe hakuwa na subira. Bwana akanitazama. Akauliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kama ndivyo ilivyokuwa. Gari lilikuwa pale, naliona, mlango wake uko wazi. Elisante alikuwa amenilalia pajani, na jicho lake moja lililobaki lilikuwa linanitazama. Halikuniambia sema, wala halikuniambia usiseme.

Nikasema, "Mimi sikuona hivyo, na sitasema hivyo."

Tulitembea. Mvua ikatushika njiani. Jicho lilikwenda, na daktari alisema lilikuwa limekwisha pale pale, lakini mama mkwe wangu hakutaka kusikia habari za daktari. Alinijia kitandani kwa mwanawe. "Ungesema tu neno moja, mwanangu angepanda gari. Wewe una kiburi cha jogoo."

Elisante alisema, kichwa chake bado kiko kwenye mto wa kitanda, "Mama, mwache. Jicho nilikuwa nimeshalipoteza. Yule alikuwa anataka na kilichobaki."

Siku chache baadaye kijana kutoka karakana alileta kifurushi. Ndani kulikuwa na ile bushi, imekatwa ikatolewa, na waya wake. "Fundi anasema ni zamu ya Elisante kuivaa," kijana alisema, akitazama chini. Elisante akaicheka kidogo. Mimi niliukata waya, nikaifanya bushi jiwe la kufunikia chungu cha pombe ya mbege, na ilikaa pale miaka yote.

Fundi alipata karakana yake mpya. Bwana aliamini alichotaka kuamini. Elisante alijaribu kazi ya chuma kila mahali, mpaka Moshi, na kila mahali walikuwa wameshasikia: huyo ndiye aliyepasua mkono wa katapila, yeye na mke wake wa maandazi. Alirudi mlimani akalima kahawa na ndizi. Aliipogoa kahawa vizuri, lakini nilikuwa namwona jioni anaokota msumari, anauzungusha kati ya vidole, anauweka chini. Kifua kilimchukua kabla nywele hazijamwisha rangi. Fundi hakuja kuzika. Alituma mkungu wa ndizi. Niliwapa mbuzi wakaula na maganda yake.

Kanisani ndiko nilikomlipa. Kila alipoinuka kuimba besi, mimi niliinuka nikatoka. Sikugombana, sikusema neno. Nilisimama nje chini ya mvua au jua mpaka amalize, nikarudi nikakaa mahali pangu. Miaka yote hiyo. Watu walizoea, watoto walijua wimbo umekwisha kwa sababu mimi nimeingia. Yeye alijua zaidi ya wote. Wakati mwingine sauti ilimtetemeka mlango unapofungwa, na mimi kule nje nilisikia, na nilishiba.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Waingereza, vijana wameshaanza kuvaa vifungo vya Uhuru, nilipoitwa Moshono, nyumbani kwa Fundi. Fundi alikuwa kitandani. Alimwomba mchungaji chakula cha Bwana kabla hajafa, na mchungaji, mtu mgeni lakini si mjinga, alimwambia, "Kuna mwanamke anayetoka nje kila unapoimba. Patana naye kwanza." Ndipo wakanitumia mtu.

Nilikwenda nimevaa vizuri. Nilibeba ile bushi kwenye kikapu.

Nyumba ilikuwa ya bati. Mchungaji na mzee wa kanisa walikuwa barazani, na juu ya meza ndogo kulikuwa na mkate na kikombe, vimefunikwa kitambaa cheupe. Waliniacha niingie peke yangu. Fundi alikuwa amebaki shingo tu. Sikumwamkia shikamoo. Nilikaa kwenye kigoda, nikampa ile bushi mkononi.

"Pima," nikamwambia.

Hakuuliza ni nini. Alifumba macho, akapitisha kidole gumba. Kidole kilikuwa bado laini, kimepakwa mafuta, mwili wote umekauka na kile kimebaki kama cha mtoto. Kilipita kwenye upande ulioliwa na tundu, kikafika mahali bushi iliposimama, kikapanda kile kidato kwenda kwenye upande ambao haukuingia kamwe, kikafika palipokatika. Kikakaa hapo muda mrefu.

"Kilikuwa hakijalala," akasema.

"Nilikwambia."

"Uliniambia. Na yeye aliniambia." Machozi yalimtoka yakaingia masikioni. "Moto wako ulikuwa mzuri, mama. Sikuwahi kupata mwingine kama ule."

Nilikuwa nimeyangoja maneno yale tangu sina mvi. Yalinipita kama maji ya mfereji, baridi, mazuri.

"Basi niwaite waingie," nikasema, "uwaambie hayo hayo."

Akaishika bushi kifuani kwa mikono miwili. "Hapana. Hapana, mama. Nimeimba mbele ya watu hawa maisha yangu yote. Wasimamizi wote wa mji huu niliwafundisha mimi. Watazika nini?"

"Watakuzika wewe."

"Elisante ameshalala, hadhuriki tena. Waambie ilikuwa ajali. Waambie moto ulikuwa mdogo kidogo tu, siku ya manyunyu, nani atakulaumu? Kisha wanipe mkate niende." Akanishika kifundo cha mkono. Mara ya kwanza maishani alinishika kwa mkono wa kulia, kidole kikiwa nje. "Ninaogopa," akasema.

Niliamini. Mtu hawezi kutetemeka vile kwa uongo. Nilikitoa kidole chake juu ya ngozi yangu polepole, nikakikunja ndani ya kiganja chake kama alivyopenda, nikaichukua bushi yangu nikainuka.

Barazani wakasimama wote wawili. Mzee wa kanisa alikuwa mmoja wa vijana wa zamani wa karakana. Shingoni alikuwa na alama ya waya mpaka siku hiyo. Mchungaji alikuwa ameshaanza kukunjua kile kitambaa.

"Mama, tunamshukuru Mungu," alisema. "Amesharudia kwetu mara nyingi kwamba ilikuwa ajali tu, moto ulikuwa mdogo, na kwamba ninyi wawili mmeshalimaliza jambo hilo. Ndivyo ilivyokuwa?"

Nyuma yangu, ndani, alikuwa ameanza kuimba. Sauti ilikuwa imekwisha, imebaki pumzi, lakini ilikuwa ile besi, alikuwa anaiimba ili nisikie. Nami nilikuwa tayari nje. Mkate ulikuwa wazi mezani. Mchungaji alikuwa ananingoja, na yule mzee alikuwa anautazama mlango, si mimi.

Nikasema, "Mimi sikuona hivyo, na sitasema hivyo."